Maumivu ya moyo na barieri iliyo ndani ya kichwa

Mazungumzo ya kamati ya afya kwenye kikao cha wanachama, Salamabila. Tumeyaandika karibu sawa na tulivyoyasema, juu ya wale ambao hawakufika.

 

Kikao kilichopita mlitupa kazi moja. Mlisema: kamati ya afya iende iulize, isome, kisha irudi ituambie kama mtu anaweza kufa kwa ugonjwa wa moyo huku anashika taya na tumbo. Tumeenda. Tumeuliza kwenye kituo cha afya. Tumekaa jioni tatu na munganga mmoja mwenye subira, akatuchorea kwenye daftari namna mwili unavyopeleka habari. Leo tunarudisha jibu. Ni refu kidogo, kwa hiyo mtuvumilie.

Kwanza tuseme wenyewe: sisi si waganga. Katika kamati tuko na mwalimu, tuko na mama muuza mchele, tuko na mchimbaji wa zamani wa Namoya, tuko na mzalishaji mmoja aliyestaafu. Hatukuja kugawa dawa.

Sasa, yaliyotokea. Wote munayajua, lakini tunayarudilia kwa sababu huko mtaani yanasemwa vibaya. Mzee wetu alirudi hapa pamoja na kundi la pili. Alijenga, akapanda mihogo na mpunga, akalipa mchango wa chama bila kukosa. Ile siku ya salongo alibeba miti ya paa pamoja na vijana, ingawa tulimwambia apumzike. Saa ya kupumzika alikaribishwa kwa jirani, akala bugali na sombe, akanywa maji. Jirani huyo ni mmoja wa wale ambao hawakukimbia wakati sisi tulipokimbia. Hilo tunalisema wazi, maana ndilo lililoleta moto.

Jioni Mzee akasema tumbo la juu linambana, hapa chini ya kifua. Kisha akashika taya. Kisha akasema mkono wa kushoto umekuwa mzito kama umebeba gunia. Jasho lilimtoka, jasho la baridi, na hewa ya usiku ilikuwa ya kawaida tu. Tulimuuliza: "Mzee, inauma sana?" Akajibu: "Hapana, si sana. Inabana tu." Tukamkanda na mafuta ya mawese. Tukampa maji ya moto. Mmoja wetu akaleta vidonge vya tumbo. Tukasema: kama si sana, tungoje kuche, njia ni mbaya na usiku si wa kutembea. Jogoo la kwanza halikumkuta.

Asubuhi neno lilikuwa moja: sumu. Amekula kwa jirani, ameshika tumbo, amekufa. Munajua yaliyofuata. Mke wa jirani alifunga mizigo. Watoto wao walilala mtaa mwingine. Vijana walisimama mbele ya ile nyumba na kiberiti, na bila chifu wa mtaa tungekuwa na majivu leo. Sisi tuliokimbia nyumba zetu zikichomwa, tulikaribia kuchoma nyumba ya mwingine.

Swali lenu basi si la shule tu. Ni swali la kujua kama jirani yetu anaweza kulala kwake.

Namna moyo unavyolia

Munganga alianza hivi: moyo ni musuli. Unafanya kazi usiku na mchana, na kama musuli wowote unahitaji damu yake wenyewe. Hiyo damu inafika kwa mishipa midogo iliyozunguka moyo. Mishipa hiyo ikiwa myembamba au ikizibwa, sehemu ya moyo inakosa hewa. Hapo moyo unatoa vitu vikali ndani ya nyama yake, na nyuzi za fahamu zilizo kwenye moyo zinavinusa na kupeleka habari juu. Daktari Mwingereza, William Heberden, aliandika habari ya maumivu haya mwaka 1772: watu waliokuwa wakitembea, hasa kwenye kilima, hasa baada ya kula, wakabanwa kifuani, na wakisimama kinaondoka. Muangalie maneno hayo: kazi, mlima, kisha chakula. Ni zaidi ya miaka 250, na ni kama aliandika habari ya salongo yetu.

Lakini habari inapita njia gani? Hapa ndipo tulipoelewa mambo ya taya na mkono. Kutoka moyoni kuna njia mbili.

Njia ya kwanza inaingia kwenye ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya mfupa wa mgongo, sehemu ya juu ya kifua. Sasa, seli zilizo pale hazipokei habari za moyo peke yake. Zinapokea pia habari za ngozi na nyama ya kifua, na za mkono upande wa ndani. Tuchukue mfano wa zamani, wa fonii. Vijiji viwili viko na fonii moja. Mtu wa Kasongo anasikia sauti kutoka ile fonii, lakini hajui mwenye kusema ametoka kijiji gani. Kwa kuwa mara nyingi ni kijiji kikubwa ndicho kinachopiga, atafikiri ni kile kikubwa. Ubongo nao ni hivyo. Maisha yote umepokea habari za mkono: umejikata, umeungua, umebeba. Za moyo ni chache sana. Siku moyo unapiga fonii, ubongo unasema: "Ni mkono." Mgonjwa hadanganyi. Anasema kile alichoambiwa na ubongo wake.

Njia ya pili haipiti mgongoni. Ni neva ndefu inayoitwa vagasi, inayotoka moyoni na tumboni na kupanda moja kwa moja hadi shina la ubongo. Shina la ubongo ni ile sehemu iliyo chini kabisa ya ubongo, juu ya shingo kwa ndani, ambapo ubongo unaungana na kamba ya mgongo. Si kubwa, urefu wake unakaribia kidole. Lakini hapo ndipo kuna kazi ya kupumua, kazi ya kupanga mapigo ya moyo, ya kumeza, ya kutapika. Ukiumwa na moyo na habari ikafika pale, unaweza kutapika, unaweza kutoka jasho, unaweza kulegea. Kwa macho yetu ni tumbo. Kumbe ni shina la ubongo linajibu moyo.

Na taya? Robert Foreman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, walichunguza jambo hili kwa wanyama kwa miaka mingi. Waliona kwamba habari ya vagasi ikifika kwenye shina la ubongo, inafanya mambo mawili kwa mara moja. Zile seli za mgongo wa kifua, mara nyingi inazituliza, kama mtu anayesema "nyamazeni." Lakini seli zilizo juu kabisa, kwenye shingo, inaziamsha. Na seli za shingo ziko pamoja na habari za koo na taya. Kwa hiyo moyo unaweza kuumia, kifua kikaambiwa kinyamaze, na taya ndiyo ikalia. Tuliposikia hivyo tulitazamana. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Barieri

Sasa twende kwa jambo la pili, maana mlituuliza pia: kama moyo ulikuwa unakufa, kwa nini Mzee alisema "si sana"?

Wengi tulidhani maumivu ni kama maji kwenye mfereji: jeraha kubwa, maumivu makubwa. Jeraha dogo, maumivu madogo. Haiko hivyo. Kati ya jeraha na wewe kuna barieri. Barieri zote munazijua. Kuna siku wanafungua, magari yote yanapita. Kuna siku wanafunga, hata baiskeli haipiti. Gari ni lile lile na mzigo ni ule ule. Anayeamua ni yule aliyeshika kamba. Katika mwili, aliyeshika kamba yuko ndani ya shina la ubongo. Anateremsha amri kwenye kamba ya mgongo, pale pale habari inapoingia, na kusema: hii ipite, hii isimame.

Mfano wa kwanza ni wa mtu aliyeishi karibu na hapa. Wazungu wanamkumbuka sana David Livingstone, na wazee wa Kabambare wamesikia habari zake. Alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwezi wa Septemba 1869, na alitembea huku Maniema hadi Nyangwe mwaka 1871. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia. Alimshika begani, akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, akamtikisa kama mbwa anavyotikisa panya. Mkono ulibaki na alama kumi na moja za meno. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa kama mtu wa ndotoni, na alijua vizuri kila kitu kinachotendeka. Mfupa ule haukupona sawa. Alipokufa mwaka 1873 na mwili wake ukachukuliwa na Chuma, Susi na wenzao hadi pwani, huko London walimtambua kwa ule mfupa.

Sasa, mtu huyo huyo, mwaka 1870, alikaa Kabambare siku 80 bila kutoka nyumbani juu ya vidonda vya miguu. Na aliandika kwamba usiku vidonda vilimuuma hata asipate usingizi. Fikirini. Simba anamvunja mfupa, hasikii. Kidonda cha mguu kinamkesha. Kichwa ni kimoja. Mbele ya simba barieri ilifungwa ili mtu apate nafasi ya kuokoka. Usiku, amelala, hana pa kukimbilia, barieri ikafunguka.

Wala hatuhitaji Mzungu na simba. Humu ndani kuna watu waliokimbia na risasi mwilini na hawakujua mpaka mtu mwingine alipoona damu. Kuna mama aliyetembea siku mbili na mguu umechanika, akaanza kulia alipofika na kupewa maji. Wengine waliwaambia: "Ulikuwa na dawa ya kienyeji." Hapana. Ni shina la ubongo. Katika vita kuu ya pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliuliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama wanataka dawa ya maumivu. Karibu watatu kati ya wanne walisema hapana.

Wachunguzi wakatafuta huyo mshika kamba yuko wapi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba mgongoni kuna kama mlango unaoweza kufungwa na kufunguliwa, na kwamba ubongo nao unaugusa. Mwaka 1969 David Reynolds, Marekani, aligusa kwa umeme kidogo sehemu ya kijivu iliyo katikati ya shina la ubongo la panya. Aliweza kumpasua tumbo bila dawa ya usingizi. Mwaka 1975, mjini Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walipata kwamba ubongo unatengeneza wenyewe dawa inayofanana na mofini. Wakaiita enkefalini. Kwa hiyo barieri iko, mlinzi yuko, na hata dawa yake iko. Mungu alitupa famasi ndani ya kichwa.

Barieri ikifungwa wakati mbaya

Hiyo famasi ni neema. Lakini ndugu zangu, barieri iliyofungwa inazuia pia habari tunayoihitaji.

Kuna mji Marekani, Framingham, ambako tangu mwaka 1948 wanafuatilia afya ya moyo ya maelfu ya watu. Walipowapima kwa mashine ya moyo, waliona alama za mshituko wa moyo kwa watu ambao hawakuwahi kujua wamepata. Taarifa yao ya mwaka 1984 ilisema zaidi ya robo ya mishituko ya moyo haikutambuliwa wakati ilipotokea, na kwa wanawake sehemu hiyo ilikuwa kubwa kuliko kwa wanaume. Wengine hawakusikia kitu. Wengine walisikia kitu kidogo, wakasema ni tumbo, ni uchovu.

Munganga alitutajia watu wa kuangaliwa zaidi. Kwanza, mwenye ugonjwa wa sukari, kwa sababu sukari inaharibu nyuzi za fahamu zenyewe, na fonii inakatika kabla hata ya kufika kwenye barieri. Pili, wazee. Tatu, mama zetu, ambao mara nyingi hawasemi "kifua," wanasema "nimechoka ajabu," "napumua vibaya," "kichefuchefu," "mgongo." Mama akisema hivyo na jasho la baridi linamtoka, tusimwambie ni kazi za jikoni.

Kwa hiyo, swali letu la ile usiku lilikuwa swali baya. Tulimuuliza Mzee: "Inauma sana?" Kisha tukapima hatari kwa jibu lake. Yeye alijibu kweli. Tena, wengi wetu tumefundishwa kwamba mwanaume hasemi sana juu ya maumivu yake. Barieri moja ilikuwa kichwani na nyingine ilikuwa ya desturi, na Mzee alikuwa nyuma ya zote mbili.

Hatuwezi kusema mbele ya Mungu kwamba ni moyo uliomuua, kwa sababu hakuna aliyempima. Lakini tunaweza kusema hivi: kila alama aliyoonyesha, mbano chini ya kifua, taya, mkono mzito, jasho la baridi, baada ya kubeba miti na baada ya kula, ni alama ambazo vitabu vinazipa moyo. Tulimsimulia munganga habari nzima bila kutaja sumu, na neno lake la kwanza lilikuwa "moyo." Na wengine watano walikula sahani moja na Mzee ile siku. Wote watano wako humu ndani. Mmoja amekaa mstari wa mbele na anatuangalia sasa hivi.

Barieri iliyobaki wazi

Kuna upande mwingine, na hatutaki kuuacha, kwa sababu unawahusu wengi wenu.

Munganga alisema: mshika kamba hafungi tu, anajua pia kufungua kupita kiasi. Ndani ya shina la ubongo kuna seli zinazopunguza habari za maumivu, na kuna seli zinazoziongeza. Hofu kubwa ya ghafla, ya simba, inaweza kufunga. Lakini wasiwasi unaokaa miezi na miaka, usingizi wa kukatika, kusikia mlio wa bunduki kila mlango unapogonga, hayo mara nyingi yanafanya kinyume. Barieri inabaki wazi usiku na mchana. Kitu kidogo, pigo la moyo la kawaida, musuli wa kifua uliochoka, kinapita kikiwa kikubwa.

Humu ndani kuna mama ambaye tangu turudi anashikwa kifua usiku. Moyo unapiga mbio, kifua kinachoma, anakaa kitandani mpaka kuche. Amepimwa, tansio ni nzuri, sukari ni nzuri, mapigo ni mazuri. Akaambiwa: "Huna kitu." Akarudi nyumbani na aibu, watu wakasema anajifanya. Mama, tunakuomba radhi mbele ya wote. Uko na kitu. Maumivu yako ni ya kweli, yanapita kwenye neva za kweli, na yanafika kwenye ubongo wa kweli. Kosa halipo kwenye moyo, lipo kwenye mlinzi aliyechoka, ambaye hajasadiki bado kwamba vita vimepita. Na nani kati yetu amesadiki kabisa?

Mlinzi huyo anatulizwa polepole: kulala saa ile ile, kutembea na kazi ya kiasi, kupumua taratibu, kukaa na watu, kusimulia yaliyopita kwa mtu anayejua kusikiliza. Hii ndiyo sababu tunapenda wale mama wa likelemba wanaoketi pamoja kila juma hata kama hakuna pesa ya kugawana. Munadhani munapiga masolo tu. Munamfundisha mlinzi kulegeza kamba.

Lakini tahadhari: mtu asijipime mwenyewe na kusema "mimi ni hofu tu." Kwanza kupimwa, kisha ndiyo kusema ni hofu. Kwa kitanda, saa saba ya usiku, maumivu ya moyo na maumivu ya hofu yanafanana sana.

Tunayowaomba

Kamati inaleta mambo manne. Mtayapigia kura nyuma ya mazungumzo haya.

La kwanza. Tubadilishe swali. Tusiulize tena "inauma sana?" Tuulize: inabana? Imeanza wakati wa kazi? Imekwenda mkono, taya, shingo, mgongo? Uko na jasho la baridi? Unapumua vibaya? Unatapika? Ikibana zaidi ya dakika chache na haiondoki ukipumzika, au ikija na jasho au pumzi fupi, hakuna kungoja kuche. Mgonjwa akae, asitembee kwa miguu, asibebe kitu. Ambaye anajua kwamba aspirini haimdhuru na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, munganga alisema anaweza kutafuna kibao kimoja cha miligramu 300 njiani. Kama hamna hakika, mumuulize munganga kwanza kwa simu. Lakini safari isingoje kidonge.

La pili. Kwenye sanduku la chama tutenge pesa ya pikipiki ya usiku. Isiombwe sahihi ya prezida wala ya mweka hazina. Yeyote wa kamati atatoa, karatasi zitafuata asubuhi. Na pale pikipiki isipopita, tuko na tipoyi mbili ambazo vijana wa salongo wamekubali kutengeneza. Vijana wale wale waliosimama na kiberiti, ndio waliojitolea. Tunawashukuru, na hatutawakumbusha tena.

La tatu. Mara moja kila miezi mitatu, kila mwanachama aliyepita miaka 40 apimwe tansio, na sukari kama vipimo viko. Tansio haina maumivu. Barieri haina hata la kuzuia pale, kwa sababu hakuna habari inayotumwa. Mashine peke yake ndiyo inasema.

La nne, na ndilo zito. Tunaomba kikao kitume watu kwa jirani yetu. Si barua. Watu, kwa miguu, wakiwemo wawili wa familia ya marehemu ambao tayari wametukubalia. Wakakae kwake, wale kwake, wanywe maji yake. Wamwambie tulisema neno ambalo hatukuwa na haki ya kulisema. Yeye hakukimbia wakati wa vita. Ingekuwa aibu yetu kama angekimbia wakati wa amani, na sisi ndio tumemfukuza.

Munajua, tuliporudi hapa, tulikuta watu waliobaki wanatuogopa, na sisi tunawaogopa. Kila mmoja aliona upande wa pili kama mahali pa hatari. Ni kama ile fonii: sauti ya maumivu inatoka fasi moja, sisi tunasikia inatoka fasi nyingine. Mzee aliumwa ndani ya kifua chake, na sisi tukasikia nyumba ya jirani.

Kama kuna swali tutajibu tunayoyaweza, na mengine tutayapeleka kwa munganga. Tumesikia pia kwamba jirani yetu ametuma neno: Jumapili mke wake atapika sombe, na sufuria ni kubwa. Kamati ya afya itakwenda yote. Sahani zetu tutabeba wenyewe.